Mwalimu Aliyevivua Vitunguu Vyangu Nguo

Jina lake ninalijua. Ninalijua la ubatizo, ninalijua la nyumbani kwao, na ninalijua hata lile ambalo wanafunzi walimpa wakidhani hasikii. Mimi majina hayanitoki. Niulize nani alikaa dawati la mbele nilipokuwa darasa la tatu kule Sigalame, kabla shule na mimi hatujaachana, nitakwambia ni Taaka na Nabwire, na kwamba Nabwire alikuwa na kovu juu ya jicho. Lakini la huyu mtu sitaliandika. Tangu alipokuja kufundisha baolojia huku Adungosi, nywele zangu zikiwa bado nyeusi, hajawahi kuniita jina langu hata siku moja. Ananiita Mama Vitunguu. Basi na yeye atakuwa Mwalimu, tukae sawa.

Vitunguu ni kweli nauza. Vinatoka Mbale, vinavuka Malaba, na mimi navifuata pale mpakani kwa Namono, ambaye ananiita nnyabo, yaani mama, na kunipunja kwa heshima zote. Navipanga mafungu sokoni, vikubwa juu, vidogo chini, kama kila mtu. Halafu Mwalimu anakuja. Hasalimii vizuri, anainama tu juu ya meza kama daktari juu ya mgonjwa, anachagua chekundu kilichonona kuliko vyote, anatoa wembe mfukoni mwa shati, anakikata, anachomoa jani moja la ndani na kubandua kingozi chembamba kuliko karatasi ya peremende. Kingozi hicho anakitia kwenye kichupa chenye maji. Kitunguu kilichobaki anakirudisha juu ya fungu, kimekaa uchi, kinawatoa machozi watu wote wa upande ule.

"Mwalimu, hiki sasa nitamuuzia nani?"

"Mpishi," anasema. "Kimebaki na seli za kutosha."

Mama Atyang, anayeuza nyanya meza ya pili, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Yeye nyanya zake hazikuguswa, ndiyo maana.

Mtaniuliza kwa nini nilimvumilia. Ni kwa sababu ya mjukuu wangu Amoit. Mama yake alikuwa binti yangu Nafula. Nafula alishikwa na homa, akanunua dawa ya malaria dukani. Homa ikarudi, akanunua tena. Kila mtu alisema ni malaria, mimi nilisema ni malaria, na hakuna hata mmoja wetu aliyempeleka mahali damu yake ikaangaliwa. Ilipokuja kujulikana kwamba haikuwa malaria hata kidogo, alikuwa ameshalala chini ya udongo. Amoit alikuwa mdogo, lakini alisikia. Alipofika sekondari akasema, "Kukhu, mimi nataka kuwa yule mtu anayeangalia damu." Ananiita Kukhu, yaani bibi, kwa sababu mimi ni Msamia niliyeolewa kwa Wateso, na neno hilo la kwetu nilikataa kuliacha barabarani. Sasa, kuingia kusomea kazi ya maabara lazima upite baolojia vizuri. Na kwenye mlango wa baolojia, shuleni kwetu, alikuwa amesimama mtu mmoja tu, ana wembe mfukoni na kitunguu changu mkononi. Ningefanya nini?

Kwa majina alikuwa hasara tupu. Seli moja tu alikuwa anaweza kukutajia vitu vilivyomo mpaka chai ikapoa, ukuta wa seli, utando, kiini, sijui sitoplazimu, hakosei hata kimoja. Lakini mtoto wa mtu! Alinifundishia watoto watatu, Wandera, Bwire na Nafula. Wote aliwaita Wandera. Nafula alimwita Wandera wa kike. Alipokuja Amoit, binti wa Nafula, ukoo mwingine, uso mwingine, akamtazama siku ya kwanza darasani akasema, "Karibu, Wandera." Nilimfuata mpaka kwake.

"Anaitwa Amoit."

"Nimesikia."

"Sema basi."

"Nimesikia, Mama Vitunguu."

Kesho yake: Wandera, njoo ufute ubao.

Macho yake sasa, hayo ndiyo yaliyokuwa na kazi. Mfukoni, pamoja na wembe, alibeba lenzi ndogo ya kukunja, na kila kitu alikiangalia nayo. Siku moja nilikuwa nimeongeza maharagwe kwenye biashara. Mteja wangu Mama Omuse ameshafungua kitambaa chake cha pesa. Mwalimu akapita, akaokota harage moja, akaweka lenzi, akapiga kelele ya furaha soko zima likageuka.

"Mama Vitunguu! Una fukusi mzuri sana! Njoo umwone alivyo na pua!"

Mama Omuse akafunga kitambaa. Mimi nilibaki na maharagwe yangu na fukusi wangu mwenye pua. Na Mwalimu hakuelewa nimekasirikia nini. Alidhani nimekasirika kwa sababu hakuniachia zamu ya kumwona.

Jambo lingine lilikuwa la kufumba jicho. Watu wote ninaowajua, wakiangalia kwenye kitundu, wanafumba jicho moja. Mwalimu hakutaka. Kwenye hadubini, ile wanafunzi wanaiita maikroskopu, alitaka macho yote mawili yawe wazi, moja linaangalia ndani, lingine limetulia tu halifanyi kitu. Alisema anayefumba anachoka, na akichoka anaanza kuona anachotaka. Ili wazoee, aliwaambia wakunje karatasi kama mrija, wawe wanaangalia nayo popote waendapo. Mwaka ule ilikuwa ukienda sokoni unakutana na vijana wakubwa wa fomu tatu wamekutolea macho, jicho moja ndani ya karatasi. Mama Atyang alidhani wanamroga.

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa mkaidi. Mara moja nilienda naye Malaba, mimi kwa Namono, yeye akavuka kutafuta vile vioo vyembamba vya kuwekea vitu chini ya hadubini, maana shule ilikuwa imeahidiwa vioo na ahadi ikabaki ahadi. Aliporudi, kijana wa forodha akafungua kiboksi.

"Mzee, hii ni nini?"

Mungu wangu. Swali gani la kumuuliza. Alianza na kioo cha chini, akaenda kwenye kile kidogo cha kufunikia, akaeleza kinashushwa taratibu kwa sindano kikiwa kimelala upande ili hewa isiingie, akatoa kingozi cha kitunguu kwenye kichupa kumwonyesha. Nyuma yetu foleni, mama mmoja ana kuku wawili kichwa chini, madereva wa malori wanapiga miluzi, jua linatupikia utosi. Yule kijana mwishowe alishika kichwa. "Mzee, pita. Tafadhali. Pita tu." Mwalimu akanigeukia ameudhika. "Hakuuliza swali la pili," aliniambia. Kwake mtu asiyeuliza swali la pili ni mtu aliyelala.

Tena alikuwa ameokoka. Pombe hakuonja, na harusi yenye pombe alikula akaondoka. Lakini nyuma ya boma la Mzee Ekisa kila Jumamosi wazee wanakaa kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, na Jumamosi moja moja ungemwona Mwalimu anakuja na chupa yake kuomba machicha ya chini.

"Mwalimu, vuta kiti, kuna mrija hapa."

"Mimi sivuti. Mimi natazama."

"Unatazama nini kwenye pombe?"

"Hamira. Zimo hai. Zinazaana humo ndani mnapokunywa."

Wazee wakaitoa mirija mdomoni. Halafu Mzee Ekisa akasema, "Basi ndiyo sababu yangu huwa inapiga kelele tumboni," wakaendelea kunywa. Mwalimu akaondoka na chupa, na njiani akakutana na wazee wa kanisa lake, harufu inamtangulia. Aliitwa kikaoni. Mtu mwingine angeomba radhi yakaisha. Yeye alibeba hadubini ya shule mpaka kanisani, akaiweka kwenye dirisha, akawaambia waje mmoja mmoja waone kile alichokuwa amebeba. Nasikia mhubiri aliangalia muda mrefu kuliko wote. Kesi ikafa. Lakini mimi niliyekuwa nimeambiwa na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa nisimame kumtetea, nilisimama jua lote lile na sikuulizwa hata neno.

Nije kwa baraza langu sasa, maana hapo ndipo aliponimaliza.

Shule ilikuwa na hadubini moja. Ile ya kioo chini, unakigeuza kitafute mwanga. Mwaka wa Amoit wa fomu foo ulipofika, wakaanza kurudia mambo yote ya tangu fomu wani, seli na hadubini yenyewe, sehemu zake, hii inaitwaje, ile kazi yake nini. Maabara ya shule ilikuwa imezungukwa na miti, giza. Nyumba ya Mwalimu imezibwa na migomba yake. Jumapili moja baada ya kanisa ninamwona anaingia kwangu amekumbatia hadubini kama mtoto mchanga, fomu foo nzima nyuma yake.

"Mama Vitunguu, una mwanga mzuri sana," akasema.

Hakuomba. Alisema tu kwamba nina mwanga. Barazani nilikuwa nimeanika mihogo. Akawaambia wanafunzi waisogeze, wakaisogeza kwenye kivuli, mbuzi wa jirani wakaja, na kufikia wiki ile kuisha sikuwa na unga. Tangu hapo kila Jumapili nyumba yangu ikawa shule. Nikitaka kupika, moshi unachafua lenzi. Nikitaka kufagia, vumbi. Nikitaka kupita kwenda chooni, nakuta mstari.

Siku moja nikasema, nyumba ni yangu, na mimi nitaangalia. Wakanipisha. Nikaweka jicho. Nikaona kitu cha ajabu, fimbo nyeusi nyingi zimepinda, zinatikisika. Nikasema kwa sauti, "Eh, kumbe hivi ndivyo seli zilivyo! Zina miguu!"

"Hizo ni kope zako," Mwalimu akasema.

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alisema tu hizo ni kope zako, kama mtu anayekwambia umevaa gauni ndani nje, akamwita anayefuata.

Lakini pale barazani, nikichambua mboga, ndipo niliposikia kwa nini watoto walimwogopa. Ukishusha kile kioo cha kufunikia haraka, hewa inabaki chini yake, inafanya duara, ukingo mweusi, katikati kweupe, safi kabisa. Seli za kitunguu zenyewe zimefifia, zimepangana kama tofali za nyumba ya mtu asiye na haraka. Sasa mwanafunzi akiangalia, anaona lile duara zuri, anasema hii ndiyo seli, anachora. Karibu wote walichora duara. Amoit wangu alichora la kwake zuri kuliko wote, kwa penseli iliyochongwa, kivuli kidogo upande mmoja, ungesema linabingirika. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akaandika katikati yake, kwa herufi kubwa: HEWA. Na sifuri.

Mtoto alilia. Mimi nikamwambia Mwalimu, "Si ungemwambia kwa mdomo?"

"Kwa mdomo angesahau," akasema.

Hewa likawa neno lake la kila kitu. Mwanasiasa akija na kipaza sauti kuahidi maji: hewa. Mtu akisema fulani ameonekana Tororo na mke wa fulani: "Umeona wewe? Hapana? Hewa." Na wanafunzi aliwaimbia jambo moja mpaka mimi nililisikia usingizini: chora unachokiona, usichore unachokijua. Kwenye kitabu, alisema, kuna picha ya seli ya mmea imejaa vitu, mitokondria, kloroplasti za kijani, kila kitu na mshale wake. Mtu aliyeichora hakuwa anaangalia kitunguu cha Mama Vitunguu kwa hadubini ya shule yetu. Wewe umeona ukuta, sitoplazimu, kiini. Chora ukuta, sitoplazimu, kiini. Acha.

Amoit alimsikia. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Ukaja mtihani wa majaribio, ule wanaouita moko, unasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Swali: chora seli ya mmea utaje sehemu zake. Amoit akachora alichokiona barazani kwangu. Akakosa alama nyingi, na pamoja na zile nyingine alizoteleza, baolojia yake ikaanguka mahali ambapo ukitaja maabara watu wanacheka. Alikuja nyumbani akaweka karatasi mezani, hakulia safari hii, akaenda kukaa karibu na kaburi la mama yake.

Mimi nilifunga leso nikamngoja sokoni.

"Mwalimu. Mtoto amechora ulichomfundisha, na amekosa."

"Nimeuona mchoro wake. Ni mzuri sana."

"Amekosa alama!"

"Alama ni za msahihishaji. Mchoro ni wake."

"Kwa hiyo chuoni ataingia na mchoro? Ataubandika getini?"

Akaokota kitunguu. Nikakinyang'anya. Ilikuwa mara ya kwanza, na mkono wake ukabaki hewani.

"Mama Vitunguu," akasema polepole, "swali lilikuwa baya."

"Swali baya ndilo litamfungia mlango! Mwambie achore kama kitabu. Siku moja tu. Mwambie."

"Siwezi."

"Huwezi nini, mdomo unao!"

"Akichora asichokiona leo, kesho ataona nini?"

Mama Atyang akasema kutoka kwenye nyanya zake, "Mwalimu, kesho ataona nauli ya kurudi nyumbani." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia aende, na aende kwa mwingine akatafute vitunguu, na ikibidi avue vya Namono kule Malaba. Akaenda. Jumapili ile hakuja barazani, mihogo yangu ikakauka vizuri, na mimi sikuwa na raha.

Nikamwita Amoit jikoni. Nilimwambia, "Sikiliza. Mwalimu ni wako mpaka mlango wa mtihani. Ukishaingia, kitabu."

"Lakini Kukhu, vile vitu sijawahi kuviona."

"Hata mimi Nairobi sijawahi kuiona. Na ipo."

Mtihani wa mwisho uliuliza seli ya mmea tena, kwa maneno mengine. Amoit alipotoka aliniambia mimi peke yangu: alichora vyote, na mishale yote. Nikampikia kuku. Majibu yalipotoka, baolojia ilikuwa imesimama vizuri, na chuo kikamchukua. Mwalimu alikuja kupongeza, amevaa koti. Alishika mkono wa Amoit akamuuliza, "Wandera, ulichora ulichokiona?" Amoit akanitazama. Mimi nikaanza kufukuza kuku waliokuwa hawajafanya kosa lolote, nikawafukuza kwa kelele mpaka swali likapotea. Lakini nilimwona anaondoka anageuka nyuma. Yule mtu swali likipotea huwa hasahau mahali lilipoangukia.

Miaka ikapita. Akastaafu, mke wake akafariki, macho yakaingia ukungu, lenzi ikawa inakaribia jicho mpaka inagusa. Vitunguu alirudi kuvichukua muda mrefu uliopita bila kuomba msamaha, na mimi nilimwachia bila kusema. Alivivua sasa kwa vidole tu, haoni vizuri, anapeleka kingozi juani anakisikiliza kama anaweza kukisikia.

Mvua hizi za juzi zilipoanza sikumwona sokoni. Nikaenda kwake, nikapita kwenye ile migomba yake, nikamkuta kitandani anatetemeka chini ya blanketi, mezani kuna karatasi za vidonge vya dukani.

"Ni malaria tu," akasema.

Huyu! Mtu aliyeweka lenzi juu ya kila kitu katika wilaya hii, juu ya fukusi, juu ya pombe ya watu, juu ya mchanga wa barabara! Nikamuuliza, "Mara ya mwisho damu yako iliangaliwa lini?" Akageuza uso. Nikagundua kitu ambacho miaka yote sikukigundua. Wanafunzi wake waliangalia kitunguu, waliangalia hamira, waliangalia ngozi ya ndani ya shavu. Damu hawakuangalia kamwe. Mwalimu alikuwa anaogopa sindano.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo malaria umeiona?"

Akavuta blanketi.

"Umeiona wewe? Kwa macho yako?"

"Mama Vitunguu—"

"Basi hiyo ni hewa. Vaa viatu."

Nilimpeleka mpaka hospitali ya misheni upande wa Funyula, kwa sababu Amoit alikuwa pale amemaliza chuo, ameanza kazi. Njia nzima alilalamika kwamba mbali. Amoit alitoka maabara amevaa koti jeupe, akapiga magoti kidogo kumsalimia, akashika kidole chake. Mwalimu akageukia ukuta akafumba macho yote mawili, yeye aliyetukataza kufumba hata moja, akaanza kutaja kwa sauti ndogo kama anasali: ukuta wa seli, utando, sitoplazimu, kiini. Alipofika kiini sindano ilikuwa imeshatoka.

Tukakaa kwenye benchi. Amoit alikaa ndani muda. Kupitia mlangoni nilimwona ameinama, akainuka, akasogeza kioo, akainama tena. Akatoka.

"Mwalimu, sijaona vijidudu vya malaria."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, nikarudia."

"Rangi iliingia vizuri?"

"Iliingia."

"Macho?"

"Yote wazi."

"Labda umeona hewa ukadhani—"

"Mwalimu, hewa naijua. Ulinipa sifuri kwa ajili yake."

Akakohoa, kikohozi kirefu cha chini kabisa. Kilipoisha alinyoosha uso wake na macho yale yenye ukungu kwa Amoit, na nikajua linakuja.

"Ule mtihani wa mwisho," akasema. "Ulichora nini?"

Amoit akanitazama. Hospitalini hakuna kuku.

"Nilichora vya kitabu, Mwalimu. Vyote. Hata nisivyowahi kuviona."

Mimi nilikuwa tayari kumwambia ni mimi niliyemtuma na ningemtuma tena kesho, lakini alikuwa haniangalii.

"Na hapa?" akauliza.

"Hapa siwezi."

"Kwa nini hapa huwezi? Watu wote wanajua homa ni malaria. Mimi mwenyewe nimekwambia."

"Mama yangu alitibiwa kile watu wote wanajua," Amoit akasema. "Mimi naandika nilichokiona. Nimeandika sijaona. Sasa daktari akusikilize kifua."

Mwalimu akamwita kwa kidole asogee, akainama mbele mpaka pua yake karibu iguse koti la mtoto, pale kwenye beji ya jina. Akasoma polepole, herufi kwa herufi, kama anasoma kitu kilicho mbali sana.

"Amoit," akasema.

Mimi nilimwambia jina hilo barabarani, sokoni, barazani, mbele ya nyumba yake. Nililisema likanikausha mdomo. Kumbe mtu yule hakuna kitu kilichoingia kwake kwa masikio. Lazima akione.

Ilikuwa kifua. Daktari aliweka kile chombo chake mgongoni kwake, akampa dawa na kumkemea kwa zile za dukani, na Mwalimu akamuuliza swali la kwanza, na la pili, na la tatu, mpaka nikajua kwamba atapona. Tulitoka getini kungoja boda, amenishika mkono, mzito kuliko gunia.

"Na wewe," akasema ghafla, "hivi unaitwa nani?"

Nilisimama pale. Nilitaka kumwambia mimi sina beji. Lakini alikuwa ameuliza, baada ya maisha yote haya alikuwa ameuliza, kwa hiyo nilimwambia. Nilimwambia la ubatizo, na la nyumbani, na la ukoo wa baba yangu kule Sigalame. Aliyarudia yote moja moja, taratibu, hakukosea hata moja, anatikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nakwambieni macho yangu yaliniwasha, na siku hiyo sikuwa na kitunguu hata kimoja.

Boda ikafika. Kijana akashuka kutusaidia. Mwalimu akaniachia mkono, akasogea kando kwa heshima.

"Mama Vitunguu," akasema, "panda wewe kwanza."

Ndiyo maana nasema jina lake ninalijua, na litakaa papo hapo lilipo.